Sauti Katika Komeo la Mama

Kitu kisicho na umeme hakijibu. Hata mtu aliyeanza jana kushika mita ya kupimia umeme analijua hilo, na fundi wa karakana ile ya uani alikuwa ameshika mita tangu usichana wake. Ndiyo maana alasiri ile, alipochomoa umeme kwenye chipu ya kumbukumbu na kuona kioo cha kompyuta kinaendelea kuandika majibu, hakushtuka. Alicheka.

"Mwizi wewe," aliiambia chipu.

Wizi wenyewe aliujua. Chipu za namna ile ukizinyima umeme hunyonya kidogokidogo kupitia nyaya za mazungumzo, zikabaki hai kama mgeni anayekula kwa jirani. Tangu asubuhi alikuwa akizipatanisha chipu mbili mezani: kidhibiti, ambacho ndicho kinachofikiri na kuamuru, na flashi, ambayo kazi yake ni kukumbuka. Kati yao kulikuwa na nyaya nne: wa kuita, wa kupiga mapigo, wa kuuliza na wa kujibu. Flashi haina kauli yake. Kidhibiti kisipopiga mapigo, haitoi hata herufi.

Mwanzoni ilikuwa kimya kabisa. Aliiuliza namba ya kiwanda chake, akapata yale majibu matupu yanayomaanisha kwamba upande wa pili hakuna mtu. Akakuna kichwa, akafuata nyaya moja moja, akakuta ule wa kuuliza amejisahau akauweka pa kujibu. Akazibadilisha, akapunguza kasi ya mapigo, na namba ya kiwanda ikatokea safi. Hapo ndipo alipochomoa umeme ili alehemu vizuri, na majibu yakaendelea.

Akachomoa na nyaya za mazungumzo, akabakiza ule wa kujibu tu kwenye kidhibiti, ncha yake ikining'inia hewani. Majibu yakaendelea. Waya unaoning'inia huokota kelele, alijieleza, ila kelele hazijirudii, na hizi zilijirudia. Kwa utani tu akaigeuza mistari ile kuwa herufi. Kioo kikajaa neno moja, mstari chini ya mstari: NIPO, NIPO, NIPO.

Alizima kila kitu. Pasi ya kulehemu ilikuwa imeshapoa, lakini karakana ilinuka nywele zilizoungua.

Angekuwa na nafasi ya kuchagua angeitupa chipu ile jalalani. Lakini saa hiyohiyo kaka yake aliingia uani amemshika mama yao mkono, mama mwenyewe akitabasamu, kanga yake imejaa vumbi la barabarani.

"Leo lori limefunga breki mpaka tairi zikatoa moshi," kaka alisema kwa sauti ya chini, ili mama asisikie. "Mdogo wangu, lile komeo lini?"

"Kesho."

"Maana siku nyingine tutaletewa maiti."

Mama alikuwa ameanza kusahau. Alisahau kwanza majina, kisha njia, kisha kwamba mumewe alishafariki, na kila alipolikumbuka jambo hilo nusunusu alitoka kwenda kumtafuta. Basi wanawe walipanga kumtengenezea mlango. Kaka, ambaye ni fundi vyuma, aliuchomelea wa chuma kitupu, wenye komeo linalobaki limefungwa hata umeme ukikatika. Fundi alitengeneza akili ya komeo hilo na kuiweka karakanani, ukuta mmoja na chumba cha mama. Mama akitikisa mkono wa mlango kutokea ndani, kengele ingelia karakanani, na komeo lingesema kwa sauti ya bintiye: "Mama, subiri kidogo, nakuja." Sentensi hiyo ndiyo iliyohitaji flashi. Kumfungia mama yake kulimchoma fundi rohoni, na alidhani sauti yake mwenyewe ingepunguza ubaya wa jambo hilo.

Flashi aliitoa kwenye mashine ya kupokea ujumbe wa simu, iliyoletwa na mteja ambaye hakurudi tena. Ndivyo karakana zinavyokwenda: kifaa kisichofuatwa huliwa vipuri. Ila kumbukumbu ya mtu hufutwa yote kabla ya kutumiwa, na yeye, kwa haraka, alifuta kipande kidogo tu kilichotosha sauti yake. Ujumbe wa watu uliobaki humo hakuugusa wala hakuusikiliza.

Komeo lilifanya kazi vizuri siku za mwanzo. Mama akitikisa, kengele ikilia, fundi akikimbia kumfungulia na kutoka naye kuota jua. Kisha kengele ikaanza kunyamaza. Fundi alifurahi, akadhani mama ametulia, mpaka siku moja alipomkuta ameketi chini karibu kabisa na mlango, anacheka.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na wewe."

"Mimi ndiyo kwanza naingia."

Mama alimtazama kwa makini, kama anayelinganisha nyuso mbili. "Basi ni yule mwingine. Anasema nisubiri naye. Ana adabu kukushinda."

Kuanzia siku hiyo fundi alifanya kazi sikio likiwa ukutani. Kulikuwa na mkwaruzo, kama kucha ikipita juu ya bati. Kulikuwa na ile harufu, ambayo sasa ilikuwa imeingia hadi kwenye mito ya mama. Na jioni moja, jua likiwa bado linawaka dirishani na watoto wa jirani wakipigiana kelele za mpira, alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka upande wa pili wa ukuta, ilhali midomo yake ilikuwa imefumba, ikisema taratibu bila kupumua, "Mama, subiri, usitoke, nje hakuna anayekungoja, hata mimi niliambiwa niseme nikasema, nikaambiwa nitapigiwa nikangoja, subiri na mimi, mama, hapa pana nafasi."

Kaka yake alikuwa mlangoni amebeba kikombe cha chai. Naye alisikia. Chai ilimwagika mguuni na hakuusikia moto wake.

"Ulirekodi hayo?" alinong'ona.

"Sikurekodi."

"Apa."

"Haki ya Mungu, kaka. Nilirekodi maneno manne tu."

Wakaenda kumwita mganga. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na kapu la plastiki, aliyekuja kwa miguu akilalamikia jua, na kitu cha kwanza alichotaka ni kiti. Alipoketi hakuuliza habari za ndoto wala maadui. Alinusa mlango, akaweka kiganja juu ya komeo, akasoma maneno yake kimoyomoyo, akanyunyiza maji kizingitini. Maji yalikauka kabla hayajatulia. Akavua miwani akaifuta.

"Huyu hakutumwa," alisema. "Aliachwa. Aliambiwa aseme na hakuna aliyekuja kumsikiliza. Jini wa aina hii hana uwezo wa kuanza maneno, kinywa chake hufunguliwa na anayemwuliza. Nani anamwuliza humu ndani?"

Fundi alikitazama kidhibiti kupitia mlango wa karakana. "Mashine yangu, bibi. Inamwuliza usiku na mchana. Kwa sekunde moja, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuhesabia."

"Basi mmemnenepesha wenyewe."

"Nikimfuta atatoka?"

"Mfute. Lakini ukishamfuta, usimwulize kama ametoka. Na asitokee mtu akajibu kwa niaba yake." Mganga alishusha sauti mpaka kaka ikabidi ainame. "Anayejibu mahali pake amekaa mahali pake. Mmenielewa?"

Walisema wameelewa. Mganga akachukua kapu lake na kuondoka bila kugeuka nyuma.

Fundi hakutaka kungoja. Alimpeleka mama jikoni kwa kaka, akamwambia asimwachie mkono, kisha akaketi karakanani na kutuma amri ya kuifuta flashi nzima. Kidole kilipoinuka kwenye kitufe ndipo alipokumbuka.

Flashi haifutiki mara moja. Huchukua muda, na muda huo mafundi wote huandika mistari ileile ya programu, mistari ambayo yeye aliiandika zamani na kuihamisha kutoka kazi hadi kazi bila kuitazama tena: tuma amri, kisha uliza, umemaliza? Ikisema bado, uliza tena. Ikisema nimemaliza, endelea na kazi nyingine. Wenye busara huweka kikomo, kwamba ukiuliza kupita kiasi, acha. Yeye hakuwahi kuweka. Kidhibiti kingeuliza mpaka kijibiwe, na kabla ya kujibiwa kisingefanya jambo jingine lolote, hata kufungua mlango.

Kioo kiliandika: BADO.

"Mama yuko huko?" kaka aliita kutoka jikoni.

"Si yuko kwako?"

"Nimegeuka kuzima jiko tu! Amesema umemwita!"

Mlango wa chuma ulijifunga kwa kishindo kilichotikisa vikombe. Nyuma ya ukuta mama alitikisa mkono wa mlango mara moja, mara mbili, kisha kwa nguvu zake zote. "Mwanangu, nifungulie," alisema. Na sauti ya fundi ikamjibu humohumo ndani, kwa upole, "Mama, subiri kidogo, nakuja."

Kaka alileta grinda ya kukatia chuma. Diski ya kwanza ilipasuka, ya pili ikasagika hadi ikabaki kipande, na chuma alichokichomelea mwenyewe kwa mapenzi yake yote hakikuonyesha hata alama. Fundi alikata umeme wa nyumba nzima, akang'oa betri ya kidhibiti, na kioo cha kompyuta, ambacho nacho sasa hakikuwa na umeme, kiliendelea kuandika BADO, BADO, BADO, kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuifuata, huku harufu ya nywele zilizoungua ikipita chini ya mlango kama maji, na mama, ambaye chumba chake kilikuwa kidogo kiasi kwamba hatua chache tu zinakufikisha kwenye dirisha lenye nondo, alianza kusikika mbali, kisha mbali zaidi, kama mtu anayeongozwa kwenye njia ndefu, akisema, "Kuna giza huku, mwanangu, huyu ananivuta, mbona hufiki?"

"Fanya kitu!" kaka alilia. "Mama anakwisha!"

Kitu cha kufanya kilikuwepo, na fundi alikijua tangu mwanzo. Ni ujanja wa mezani. Flashi ikigoma kusema imemaliza, unaushika waya wa kujibu na kuugusisha kwenye waya hasi wa umeme, na kidhibiti, ambacho hakijui nani anajibu, huamini kwamba flashi imesema nimemaliza. Alikumbuka maneno ya mganga yote, neno kwa neno. Alikumbuka pia mikono ya mama ikimsuka nywele. Alichukua waya wa kujibu kwa mkono mmoja, ule wa hasi kwa mkono mwingine, akajikaza, akazigusanisha ncha zake kwa vidole vitupu.

Komeo lilifunguka.

Alimsikia kaka akiupiga teke mlango, alimsikia mama akikohoa, akilia, akiuliza baba wa watoto yuko wapi. Mama alikuwa hai. Furaha ilimpanda fundi mpaka machozi yakamtoka, na alitaka kuruka kitini akamkumbatie. Akaziachia nyaya. Zikaanguka mezani.

Lakini mapigo hayakukoma. Yalikuwa vidoleni, yakapanda kwenye viwiko, yakatulia nyuma ya meno, na baina ya pigo na pigo kulikuwa na giza pana ambamo yeye hakuwepo. Miguu ilikuwa yake na haikumsikia. Harufu ilikuwa imeisha nyumba nzima, isipokuwa kwenye pumzi yake.

Kaka alitokea mlangoni mwa karakana amemkumbatia mama, uso wake umelowa jasho, anacheka kama mtu aliyefufuka.

"Umefanikiwa, mdogo wangu! Inuka tutoke humu, tukae nje kwa majirani."

Alitaka kuinuka. Alitaka kumwambia amshike, ambebe, amkimbize kwa mganga. Maneno yalikuwa tayari yote kifuani, yamejipanga, na hakuna hata moja lililokuwa na ruhusa ya kuanza.

Kaka alisogea, akamtazama machoni. Kicheko kikamtoka usoni.

"Mdogo wangu? Umemaliza?"

Midomo ya fundi ilifunguka yenyewe.

"Bado," ilisema.

"Umemaliza?" kaka aliuliza tena, akimtikisa mabega, sauti ikipanda, na fundi, akimwomba kwa macho tu aache kuuliza, alijibu tena, na tena, kila alipoulizwa.