Gari Lililoachwa Bila Breki

Jambo hili lilimpata Zósimo Palomino Curi, karani wa posta mstaafu wa mji wa Jauja. Wengi hulisimulia kana kwamba lilimpata ndugu yake, Zacarías. Si kweli. Zacarías hakuwahi kumiliki gari.

Mwezi wa Agosti, Zósimo alikuwa na safari ya ndege kwenda Santiago, nchini Chile, kwenye harusi ya mwanawe wa kiume. Alifuatana na binti yake Nélida, pamoja na mjukuu wake wa miaka minne ambaye nyumbani huitwa Yeni. Mkewe, Hermelinda, alibaki kuangalia ng'ombe. Kutoka Jauja hadi uwanja wa ndege wa Lima ni mwendo wa saa saba kuvuka milima, na huko Lima hawakuwa na ndugu wa kumwachia gari. Ilibidi gari lilale huko siku nane.

Zósimo hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa miaka thelathini na miwili alisoma majina juu ya bahasha, na hakuna barua iliyopita mkononi mwake ikafika kwa mtu asiye mwenyewe. Basi aliuliza kwa waliokwisha kusafiri, akaandika majibu kwenye karatasi kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Maegesho yalikuwa ya namna tatu. Ya kwanza yako mbele ya milango ya abiria: unashuka, unavuka barabara, umefika; lakini hulipiwa kwa saa, na kwa malipo ya siku nane mtu angenunua ndama. Ya pili ni uwanja wa wanaokaa muda mrefu, ndani ya uzio uleule, wenye taa na walinzi. Ya tatu ni viwanja vya watu binafsi, nje ya uzio, ambako wanaume husimama kando ya barabara wakipunga vitambaa vyekundu. Mbele ya namna ya pili aliandika: NDIYO. Mbele ya ya tatu aliandika: HAPANA, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Jumanne alfajiri Hermelinda aliwapa mahindi ya kuchemsha na jibini, akamfunga Yeni vifungo vya sweta lake la bluu. Akawakumbusha wasisahau kumwita mtoto. Mabibi wote wa Jauja husema hivyo, kama wengine wanavyokumbusha watu kufunga lango. Mtoto akilala mahali pa ugeni, kisha akainuliwa usingizini, huitwa kwa jina lake na kuambiwa twende. Roho huchelewa kuamka kuliko mwili. Isipoitwa, hubaki pale ilipolala.

Zósimo aliitikia, huku akipima upepo wa matairi.

Chini ya kilele cha mlima walikuta lori limelala ubavu barabarani. Walipoteza saa mbili. Yeni alisinzia hapohapo, akaendelea kulala wakati gari likishuka kona baada ya kona, mpaka wakaingia kwenye ukungu wa Lima, ule wa majira ya baridi unaoshuka mpaka kwenye paa za nyumba na kulowesha nguo bila mvua kunyesha. Ilikuwa saa saba mchana, na magari yote yalikuwa yamewasha taa.

Uwanja wa muda mrefu ulikuwa umejaa. Mlinzi wa kizuizi cha kuingilia aliwaambia hivyo bila kuinua uso. Nélida akasema basi waende kule mbele, atalipa yeye. Lakini foleni ya kule mbele ilikuwa imefika barabara kuu, wala haikusogea. Ndipo uso ukatokea kando ya dirisha, na chini yake kitambaa chekundu.

"Mzee wangu, unaruka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi umempata mtu wako. Wale watakutunzia foleni, mimi nitakutunzia gari."

Alikuwa na miaka hamsini hivi, na jina lake ni Teófilo Macassi. Zósimo alilikumbuka baadaye kwa sababu alimtaka alitaje mara mbili, akaliandika kwenye ile karatasi, chini ya neno HAPANA.

Kiwanja cha Macassi kilikuwa nyuma ya ukuta, lango lake la bati. Magari yalibanwa humo kama meno. Kila dereva hutoa gia, hushusha breki ya mkono, hunyoosha magurudumu, kisha hufunga milango na kuondoka na ufunguo wake. Gari la ndani likitaka kutoka, wafanyakazi huyasukuma ya nje kwa mikono. Zósimo hakushangaa, hata Jauja siku ya soko watu huegesha hivyo. Kilichomvuta macho ni mstari wa mwisho, ukutani, magari sita yaliyofunikwa na vumbi zito hadi rangi zake hazikujulikana.

Aliuliza ni ya nani.

"Wenyewe hawajarudi," Macassi akasema.

Ndani yake, kwenye vioo vya kutazamia nyuma, vilining'inia viatu vidogo vya watoto, kimoja kwa kila gari. Madereva wengi wa huko hutundika kiatu cha mtoto wao. Lakini ndani ya magari yaliyofungwa, viatu vile vilikuwa vinabembea.

Kibasi cha kuwapeleka abiria kilikuwa kinapiga honi. Nélida alimwinua Yeni usingizini, akamzungushia shali, akakimbia. Zósimo alitoa gia, akashusha breki ya mkono, akabeba mabegi, akamfuata.

Hakuna aliyeita.

Usiku ule Hermelinda aliwapigia simu huko Santiago. Aliuliza kama wamefika salama, kama bibi harusi ni mnene au mwembamba, kisha akauliza kama walimwita mtoto. Zósimo akasema walimwita.

Siku ya pili Yeni hakula. Siku ya tatu pia hakula. Hakuwa na homa. Daktari alimpima macho, masikio na tumbo, akasema ni uchovu wa safari. Lakini akiitwa hakugeuka. Alikaa mahali alipowekwa, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayengoja katika ofisi. Harusini walimvalisha gauni jeupe, na katika picha zote anatazama pembeni, upande usio na mtu.

Siku iliyofuata harusi, baada ya chakula cha mchana, Zósimo alikaa kando ya kitanda alicholala mtoto. Jua lilikuwa limeingia dirishani. Yeni akanong'ona, macho yamefumbwa.

"Wananisukuma."

Zósimo akainama. Akamwuliza ni nani wanaomsukuma.

"Wenye vitambaa."

Kesho yake, saa ileile, akanong'ona tena. "Sasa niko ukutani. Wenzangu wanauliza kama na wewe hutarudi."

Zósimo aliondoka chumbani akitembea kinyumenyume. Mtoto hakuwahi kukiona kiwanja kile. Aliingia amelala, akatoka amelala.

Alimpigia mkewe, akamwambia ukweli wote, na kwamba alikuwa amemdanganya. Upande wa pili zilisikika kengele za ng'ombe. Hermelinda hakumlaumu. Alimwuliza ni siku ya ngapi. Zósimo akajibu ni ya sita. Akaambiwa afanye yote ayawezayo ili awe amefika kwenye gari kabla ya siku ya tisa, kwa kuwa siku ya tisa roho hupazoea mahali ilipo, na mwili nao huacha kuingoja. Achukue lile sweta la bluu. Aende peke yake. Aite jina zima la ubatizo pamoja na majina ya ukoo, mara tatu.

"Huko kuna watoto wengine?" Hermelinda akauliza.

"Sijui."

"Basi jina, Zósimo. Usiseme neno lingine lolote kabla ya jina. Ukiita bila jina, kila mtoto atadhani ameitwa yeye."

Ndege yao ilitua Lima siku ya nane, asubuhi na mapema. Ukungu ulikuwa ndio uleule. Nélida alimbeba mwanawe mpaka langoni kwa Macassi, akasema mtoto amekuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Akaketi naye kwenye benchi, nje.

Macassi hakuwa na utani siku hiyo. Alisema gari la mzee limemchosha. Kila akilisukuma mstari wa mbele, akigeuka analikuta ukutani. Zósimo akauliza kama uwanja una mteremko.

"Hata mimi nilidhani hivyo," Macassi akasema. "Nikaweka maji kwenye sinia, chini. Yalitulia tuli. Gari likapita kando yake."

Hakutaka kwenda zaidi ya mstari wa tatu. Alinyoosha mkono tu.

Gari lilikuwa la saba katika ule mstari wa ukutani. Vumbi lake halikuwa vumbi la siku nane. Lilikuwa sawa na la mengine.

Zósimo alisimama mbele yake na sweta mkononi. Alikuwa amelirudia jina lile njia nzima, ndani ya ndege na ndani ya kibasi. Kisha akatazama kupitia kioo cha mbele. Kwenye kiti cha nyuma, palepale alipolala Yeni, kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea. Shimo dogo. Kama la mtu aliyeketi. Mbele ya macho yake shimo lile likasogea kwenye ukingo wa kiti, kama mtoto anavyosogea amwonapo wa kwao.

Kinywa kikatangulia akili.

"Mtoto wangu," akasema. "Njoo. Twende nyumbani."

Kisha akasikia changarawe ikisagika chini ya tairi.

Gari la kwanza lilikuwa limetoka ukutani. Polepole. Hakuna injini. Hakuna mtu. La pili likafuata. La tatu. Yote yalikuja upande wake, viatu vikibembea. Bampa la kwanza lilimgusa gotini. Halikumwumiza. Lilimsukuma kidogo, kwa upole, kama ndama anavyosukuma mkono wenye chumvi. Halafu la pili. Halafu mengine. Yakasimama kumzunguka, karibu, yakingoja.

Ndipo akaita. Sauti yake haikuzidi mnong'ono.

"Yenifer Asunta Orihuela Palomino. Twende."

Mara ya pili. Mara ya tatu.

Sweta likawa zito mkononi mwake. Kule langoni, nyuma ya bati, akasikia Nélida akilia na kucheka kwa pamoja, na sauti ndogo ikisema ina njaa.

Macassi na wafanyakazi wake walimfungulia njia bila kumtazama usoni. Alipomaliza kulipa, Macassi alimsindikiza mpaka barabarani na kumwomba jambo moja: safari nyingine aende kwenye yale maegesho ya mbele, hata kama ni ghali.

Walifika Jauja jua likiwa bado juu ya vilima. Hermelinda alimvalisha Yeni sweta lake, akamtazama machoni, akamwita, naye akaitika. Mtoto alikunywa mabakuli mawili ya supu ya mahindi, akaomba na jibini. Nélida alilala palepale kwenye kiti. Hermelinda alimvuta mumewe kando ya jiko.

"Ulianza na nini?" akanong'ona.

"Nilianza na jina," Zósimo akasema.

Huo ulikuwa uongo wa pili, na wa mwisho. Gari alikuwa ameliegesha uani. Aliingiza gia, akapandisha breki ya mkono mpaka ikagoma, akaweka jiwe mbele ya kila gurudumu.

Kesho yake adhuhuri Hermelinda alisimama kwenye mlango wa jikoni na kuita kama alivyoita miaka yote: njoo, mwanangu, chakula kiko tayari. Akageuka. Yeni alikuwa amekwisha kuketi mezani, kijiko mkononi.

Uani, jiwe lilibingirika.

Zósimo alipotoka, alikuta mawe manne yamepangwa kando, safi, kama yaliyowekwa na mtu mwenye adabu. Breki ya mkono ilikuwa chini. Pua ya gari iligusa kizingiti cha jikoni. Milango yote ilikuwa imefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Alifungua. Ndani, kwenye kioo cha kutazamia nyuma, kilining'inia kiatu kidogo cha mguu wa kushoto, cheupe kilichogeuka manjano, cha mtindo ambao haujauzwa madukani kwa miaka mingi. Hakikuwa cha Yeni. Hakikuwa cha mtu yeyote wa nyumba ile. Kilikuwa na joto.

Alikigeuza. Chini ya soli, kwa wino uliofifia, mkono wa mama fulani ulikuwa umeandika jina zima la mtoto, na mji wake. Zósimo, ambaye hakuwahi kumnyima mtu barua yake, alilisoma mara moja, akakirudisha kiatu mahali pake.

Jina lile hajalitamka hadi leo. Na Hermelinda, akitaka kumlisha mjukuu wake, humwendea alipo na kumgusa bega.