Brashi ya Mumo

Haya yalimpata rafiki yangu Matheka wa Buruburu, mtu wa kuunda manowari ndogo za plastiki. Alikuwa akiziunda na mdogo wake, Mumo, hadi alipomfukuza kwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Kosa ni hilo tu. "Nenda ukalambe rangi kwako," alimwambia. Mumo alipozikwa, Matheka hakwenda.

Jioni moja alitoka kununua rangi ya kijivu, akarudi akakuta stima imepotea, taa zote zimezimika. Gizani, pale mezani, alisikia midomo ikifyonza, kisha brashi ikipita juu ya plastiki, polepole.

"Kamene?"

"Niko huku nje," mkewe akajibu.

Stima iliporudi, brashi ya Mumo, iliyokauka tangu afukuzwe, ilikuwa imechongoka. Matheka aliigusa. Mate yalikuwa bado ya moto.