Blanketi la Familia ya Mzee Ebeneza

Mtu alisonya nyuma ya Winnie. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kuvuta mate katikati ya meno na kuyaachia taratibu, msonyo wa mtu aliyekitazama kitu akakiona cha hovyo. Winnie alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake, Bondeni, ametandaza vipande vya nguo sakafuni kwa umbo la nyota. Aligeuka kwa hasira.

"Tusekile, unamsonya nani?"

Fundi Tusekile alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha. Hakujibu mara moja, maana alikuwa amebana pini kwa midomo. Alizitoa moja moja.

"Sijasonya, dada. Ningesonyaje na pini mdomoni?"

"Basi nani?"

Sebuleni hapakuwa na mtu mwingine. Nje mvua ilikuwa inapiga bati kama kawaida ya Kyela. Winnie akaikusanya ile nyota, akaanza kupanga vipande upya, safari hii kwa umbo la ngazi. Alipoweka kipande cha mwisho, msonyo ukasikika tena, karibu zaidi.

Winnie alikuwa mwanamke wa kuchagua. Kanisa alilichagua kwa uzuri wa viti vyake, marafiki kwa makochi yao, na mume, Nelson, kwa sababu hakujua kusema hapana. Sasa alikuwa anachagua muundo wa blanketi. Kwenye simu aliona jinsi watu wa nchi za mbali wanavyokata nguo za ndugu zao waliokufa na za walio hai, na kuziunganisha ziwe blanketi la kumbukumbu, akaona jambo hilo lina hadhi. Baba yake, Mzee Ebeneza, alikuwa anatimiza mwaka kaburini. Siku ya ibada ya kumkumbuka, kule Ipyana, Winnie angemfunika mama yake, Marta, blanketi hilo mbele ya ukoo mzima. Si kwamba alimpenda mama yake kiasi hicho. Alitaka waone.

Kwa hiyo aliagiza nguo kwa kila mtu. Alipata koti jeusi ambalo marehemu alivaa kwa uzee wa kanisa, vitenge vya mama yake, shati la kwaya la kaka yake Hezroni, na tai ya Nelson ambayo Nelson mwenyewe hakuulizwa. Alikata akitupa kola zenye jasho, mapindo yaliyochakaa, na kila mahali palipowahi kutiwa kiraka. Alitaka kumbukumbu zisizonuka.

Lakini nyumba ilianza kunuka. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, ule mzito unaochimbwa ili kufinyanga vyungu, na ndani yake moshi wa nyasi kavu. Winnie alideki kwa sabuni, akadeki tena. Jumapili yeye na Nelson waliporudi kutoka kanisani walikuta vipande vyote vimegeuzwa juu chini, migongo ya nguo ikiwa juu, nyuzi na mishono mibaya nje. Kimoja tu hakikugeuzwa: kipande cha koti la Mzee Ebeneza. Katikati yake kulikuwa na mate.

Nelson aliyatazama. "Pengine ni mjusi," alisema.

"Mjusi anatema mate?"

Nelson alikubali kwamba mjusi hatemi mate, akaenda kukaa uani.

Mama yake Winnie, aliyekuwa anauguzwa hapo, alikuwa chumba cha ndani. Miguu ya Marta ilikuwa imeisha nguvu, alikuwa mtu wa kubebwa na kulishwa, ingawa ulimi wake ulikuwa mzima na haukumwachia mtu. Siku hiyo alimwita Winnie kwa sauti ndogo isiyokuwa yake.

"Nani yuko sebuleni?"

"Hakuna mtu, mama."

"Yupo. Anachekea puani." Marta alivuta shuka hadi kidevuni. "Mwambie aondoke. Mwambie nimesema sina cha kumpa."

"Unamsema nani?"

Marta aligeukia ukutani, na tangu hapo hakula vizuri.

Hezroni alipofika na mkungu wa ndizi na mchele kutoka Ipyana, alisimama mlangoni, akanusa, akaacha hata kusalimia. Alikuwa mkulima wa kakao, mtu mpole aliyezoea kuona mambo na kuyanyamazia, na upole wake huo ulikuwa umeisaidia familia yake kwa mengi ambayo hayakupaswa kusaidiwa.

"Ugonile, kaka," Tusekile alimwamkia.

"Ndaga," aliitikia, akamtazama dada yake. "Hii ni harufu ya shangazi Anyelwisye."

"Usiniletee habari za yule hapa," Winnie alisema.

"Nguo yake umeiweka?"

"Mtu mwenye magauni mawili ana kumbukumbu gani? Nichafue blanketi kwa matambara?"

Tusekile aliacha kukanyaga cherehani. "Shangazi yupi, dada?"

Winnie alijifanya anapanga vipande, kwa hiyo Hezroni ndiye aliyesimulia, kwa sauti ya chini, akitazama mlango wa chumba cha mama yake. Mzee Ebeneza alizaliwa Ikombe, kando ya ziwa, kwa watu wanaofinyanga vyungu. Alipopata shamba Ipyana alijifanya hajawahi kushika udongo. Dada yake Anyelwisye alimfuata, na Marta, aliyekuwa anashinda barabarani na biashara ya mchele, alimwachia watoto. Yeye ndiye aliyewaogesha, akawalisha, akawabeba mgongoni. Walipokua, akaugua matende. Miguu ikavimba, Marta akasema wageni wanaona kinyaa, na Mzee Ebeneza, mzee wa kanisa, akamhamishia dada yake banda la kukaushia kakao. Chakula kilikuwa kinawekwa mlangoni. Msimu mmoja wa mvua waliona sahani ya juzi haijaguswa, na ndivyo walivyojua.

"Na wewe, kaka, ulikuwa wapi?" Tusekile aliuliza.

"Nilikuwa ndiye ninayepeleka sahani," alisema Hezroni.

Kutoka kwenye kona ambako hapakuwa na kitu ila kabati la vyombo, mtu alisonya.

Wote watatu walisikia. Hezroni aliondoka mbio, akarudi kesho yake na gauni la bluu la shangazi, lililokuwa limetumika kufungia mdomo wa gunia. Winnie alitaka kipande chake kishonwe upande wa chini, pembeni, kisionekane. Tusekile alimwambia kwamba kama ni hivyo, atafute fundi mwingine. Basi kikawekwa katikati, na viraka vingine vyote vikapangwa kukizunguka, koti, vitenge, shati, tai, kwa miraba ya kawaida, kwa sababu kila muundo mwingine ulikuwa umesonywa. Walipomaliza walisubiri msonyo mwingine. Kimya. Winnie akatabasamu kama mtu aliyemlipa mpagazi.

"Si mnaona? Alitaka kupewa nafasi tu. Watu wa namna hii hawana makuu."

Mchana huohuo, Tusekile akiwa bado anafunga mashine yake, walisikia sauti ya uzi unaokatika, tik, halafu tik, polepole, kama mtu anayefumua kwa kucha na hana haraka yoyote, na blanketi lililokuwa limetandazwa juu ya kochi lilianza kubonyea katikati, mshono ukiachia upande mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu, hadi kile kipande cha bluu kikainuka chenyewe, kikajikunja mara mbili kwa unadhifu kama nguo inayowekwa sandukuni, kikavuka sebule yote mbele ya macho yao kikielea usawa wa mkono wa mtu mzima, na kikatua nje ya kizingiti, kwenye mvua.

Katikati ya blanketi palibaki tundu. Tusekile aliondoka bila cherehani yake.

Mchungaji Lazaro aliletwa na Nelson, ambaye kwa mara ya kwanza alifanya jambo bila kutumwa. Mchungaji alikuwa na sauti kubwa na aliiamini sana. Alisema hili si marehemu wala nini, ni jini linalovaa sura ya marehemu, na majini yeye ameyatoa mengi, hata ya Mbeya mjini. Alisimama katikati ya sebule akaamuru.

"Pepo mchafu, toka!"

Jibu lilitoka chumba cha ndani, kwa kinywa cha Marta, lakini sauti ilikuwa nzito na iliyotulia.

"Mchafu nani? Mimi ninaoga."

Mchungaji akapaza sauti zaidi. "Toka uende zako! Unataka nini kwa watu hawa?"

"Kwa hawa?" Kile kicheko cha puani kikasikika. "Wana nini hawa cha kutakiwa? Walidhani nataka kushonwa pamoja nao. Nilale katikati ya koti la yule na kitenge cha huyu! Mchungaji, wewe ungekubali?"

Mchungaji Lazaro alifunua kurasa za Biblia yake.

"Basi kwa nini huondoki?" aliuliza Winnie.

"Nawatazama," sauti ilisema. "Nilikuwa nawaogesha ninyi. Nilikuwa najiuliza mtakuwa watu wa namna gani. Sasa nimeona."

Mchungaji aliomba mpaka sauti ikakauka, akapewa chai, akasema kazi imekamilika ila familia iendelee kufunga. Hakuna aliyemwamini, hata yeye mwenyewe, lakini harufu ilipungua, na Winnie alikuwa na ibada ya kuandaa. Alichukua kitambaa cheupe kilichobaki kwenye gauni lake la harusi, akaziba lile tundu kwa mkono wake.

Siku ya ibada watu walijaa uwanjani Ipyana. Marta aliwekwa kwenye kiti chini ya turubai. Winnie alisoma hotuba ndefu kuhusu upendo wa familia, akalia mahali alipokuwa amepanga kulia, kisha akamfunika mama yake blanketi. Watu wakapiga makofi. Marta alilipapasa kwa vidole. Akaligeuza, migongo ya nguo ikawa juu. Halafu akauliza jambo kwa sauti kubwa, na wengi hawakuelewa.

Wageni wa Ikombe, waliokuwa wamekaa nyuma kabisa, walielewa. Mwanamke mmoja wao aliinuka ameshika mdomo. Marta hakuwahi kujua neno moja la Kikisi, lugha ya watu wa Ikombe; kwa maisha yake yote alikiita lugha ya matope.

"Anauliza," mwanamke yule alisema, "ni nani aliyeshona uchafu huu."

Wengine walicheka, wakidhani ni mzaha wa mzee. Kicheko kilikatika Marta aliposimama, kwa ile miguu iliyokuwa haina nguvu, akaliacha blanketi lianguke, akatembea wima katikati ya ukoo wote, hatua nzito za mtu mwenye miguu iliyovimba, akapita nyumba kuu bila kuitazama, akapita kaburi la mumewe, akatema mate, akaingia kati ya mikakao huku watoto wake wakimfuata wakimwita mama, mama, na yeye hakugeuka hata mara moja, hadi alipofika kwenye banda, akaingia, akafunga mlango kwa ndani.

Yumo hadi leo. Hezroni alijaribu kuuvunja mlango, akashindwa. Alisema ni kama kusukuma ukingo wa mto. Chakula wanaacha kizingitini na sahani hurudi tupu, imeoshwa. Nelson alirudi kwao Ndandalo na hana mpango wa kuja. Winnie hutoka mjini kila Jumamosi na sufuria mikononi, anapita kwenye tope la mikakao akiwa amevaa viatu vyake vizuri, na kabla hajafika anawasikia. Humo ndani kuna wanawake wawili. Wanaongea Kikisi kwa sauti ya chini, bila haraka, kama ndugu waliopatana, na katikati ya maneno asiyoyaelewa Winnie husikia jina lake, kisha kicheko cha mmoja, kisha cha wote wawili. Anatua sufuria chini taratibu, isigonge jiwe, anarudi alikotoka bila kubisha hodi.