Eda ya Dirisha

Kila asubuhi, kabla sijavaa sare ya shule, nilikagua dirisha la chumba cha mama. Nilisukuma komeo mpaka likakwama, nikashusha pazia, kisha nikachomeka kitambaa kwenye upenyo wa chini. Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kununua mahamri na mbaazi kwa jirani yetu, Bi Mwanaesha. Kazi hiyo ya dirisha sikuagizwa na mtu. Nilijipa mwenyewe, na niliifanya barabara, kwa sababu ndiyo kazi pekee niliyoielewa tangu baba afariki.

Baba alifariki mwezi wa Machi. Alikuwa mwongoza wageni pale Ngome ya Yesu. Alitoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, na adhuhuri moyo wake ukasimama. Watu walilia. Shangazi yangu, Bi Swabaha, alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilitazama viatu vilivyojaa mlangoni, nikawa ninapanga kila kimoja na mwenzake. Sikuhisi kitu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilidhani pengine nina kasoro.

Mama akakaa eda, yaani kile kipindi cha miezi minne na siku kumi ambacho mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake bila kujipamba. Nyumba yetu iko katika kichochoro cha Mji wa Kale, ni ya chini, haina ghorofa, na dirisha la chumba cha mama linatazamana na la Mzee Sheikhan. Wewe ukinyoosha mkono na yeye akinyoosha wake, mnaweza kupeana chumvi. Siku ya maziko kichochoro kilijaa wanaume, basi Bi Mwanaesha akaniambia, "Nabiha, funga dirisha hilo, mwenye eda asionekane." Nikafunga. Yeye alikuwa na maana ya siku ile. Mimi nikafahamu miezi minne na siku kumi.

Tulilala chumba hicho watu watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Ubaid, ambaye alikuwa na miaka sita na alikuwa na pumu tangu akiwa mchanga. Masika yalipoanza, nguo nilizianika humo humo kwenye kamba. Chai nayo niliipika humo kwenye jiko dogo la gesi, ili mama asisumbuke kutoka. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alikaa juu ya mkeka na tasbihi yake, akitazama mahali pasipo na kitu. Tulikuwa watu wawili tuliokauka katika chumba kilicholowa.

Mwezi wa Mei kuta zikaanza kubadilika. Chini, karibu na sakafu, rangi iliumuka kama hamri, na ukiigusa ilimwaga unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Naam, niliuonja. Juu, kwenye pembe, lilitokea doa la rangi ya chai lililokua kila mvua iliponyesha. Nyuma ya kabati la nguo kulikuwa na vidoa vyeusi, vidogo vidogo, vingi. Chumba kizima kilinuka kama nguo iliyosahaulika ndani ya ndoo.

Nilitundika leso juu ya doa, nikaegemeza mkeka wa kuswalia mbele ya rangi iliyoumuka, na kabati nikalisukuma likagusa ukuta kabisa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Ukuta ukionekana, ataitwa fundi. Fundi ni mwanamume, na mwanamume haingii chumba cha mwenye eda. Kwa hiyo ukuta usionekane. Shangazi alipokuja kututazama na kuuliza kama chumba ki salama, nilimjibu kuwa ki salama na kwamba mama amelala. Mara nyingi mama alikuwa macho. Uongo ulinitoka bila hata kumeza mate.

Ubaid akaanza kukohoa. Kwanza ilikuwa alfajiri tu, kisha asubuhi na jioni, na kifua chake kikawa kinapiga filimbi. Mwezi wa Juni shangazi alitupeleka zahanati, mimi na yeye. Daktari Joy alimsikiliza kifua, akaitazama ile dawa ya kuvuta tuliyokwenda nayo, akasema ajabu, maana dawa hiyo ingepaswa kumsaidia. Kisha akauliza kama anakolala mtoto kuna unyevu au ukungu ukutani. Shangazi akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyelala naye.

"Hapana, daktari," nikasema. "Chumba ki kikavu."

Daktari akaandika nilivyosema. Akaongeza dawa na kusema turudi baada ya wiki mbili.

Wiki ile ile Ubaid alizidiwa mara mbili. Shangazi akakata shauri kwamba hewa ya bahari ndiyo isiyomfaa. Akampigia simu ami yetu Sabir, aliyehamia Nairobi, na wakakubaliana Ubaid aende akaishi kule, asome kule, mpaka apone. Basi lingeondoka Mwembe Tayari siku ya Jumamosi saa tatu asubuhi. Mama alipoambiwa, aliitikia kwa kichwa. Siku hizo aliitikia kila kitu kwa kichwa. Nami nikasema haya. Nilijua kwamba ninapaswa kuumia, lakini nilipolitafuta jambo hilo ndani yangu, sikulipata.

Alhamisi baada ya shule nilianza kufunga mizigo yake. Nililivuta kabati ili nitoe mkoba wake ulioangukia nyuma. Mkoba ulitoka umeota ukungu wa kijani, na ukuta wote wa nyuma ulikuwa mweusi. Ubaid alikuwa ameketi kitandani, anahema. Aliutazama ukuta, akalitazama dirisha, kisha akanitazama mimi.

"Dada," akasema, "nikienda Nairobi, na mimi mtanifungia dirisha?"

Alikuwa anauliza tu. Kwake yeye mambo yalikwenda hivyo: baba alikwenda, dirisha likafungwa. Nikakaa chini sakafuni na mkoba ule mikononi. Swali lile liliniuma. Lilikuwa jambo la kwanza kuniuma tangu Machi.

Nilikwenda mbio mpaka Kibokoni kwa shangazi, ni mwendo wa dakika tano. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, leso, mkeka, kabati, na jibu nililompa daktari. Nilitarajia kofi. Shangazi aliketi kitako akauliza mara moja tu, kwa upole ulionitia haya kuliko kofi, kwa nini nilificha. Nikamwambia kwa sababu ya eda.

Ijumaa, baada ya swala, shangazi alikuja na Fundi Thoya, Mgiriama wa makamo ambaye ametengeneza nyumba za mtaa wetu kwa miaka mingi. Alipiga hodi, mama akahamia jikoni na pazia likateremshwa. Ikawa basi, hakuna lililoharibika. Mambo niliyoyaogopa miezi mitatu yalimalizwa na pazia moja.

Fundi Thoya alinusa, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole huku akisikiliza, kisha akatoka nje kutazama paa. Aliporudi alituambia kwamba watu husema unyevu, unyevu, kana kwamba ni kitu kimoja, na kila mmoja hukimbilia kupaka rangi. Humu, alisema, mna unyevu wa aina tatu, na ukiutibu mmoja kwa dawa ya mwingine umejisumbua bure. Akakata mfuko wa plastiki wa mkate vipande viwili. Kimoja alikibandika kwa utepe nyuma ya kabati, na cha pili chini karibu na sakafu, akaziba pande zote. Alisema atarudi asubuhi. Usiku huo Ubaid alilala Kibokoni.

Jumamosi saa moja Fundi Thoya alikuwa amefika. Mkoba wa Ubaid, nilioufua kwa sabuni na siki, ulikuwa tayari mlangoni, maana safari ilikuwa bado haijafutwa. Kile kipande cha nyuma ya kabati kilikuwa na matone kwa nje, upande wa chumba. Huo, alisema, ni mvuke wa chai, wa nguo mbichi na wa pumzi za watu watatu, uliokosa pa kutokea ukakimbilia ukuta baridi. Kipande cha chini kilikuwa kikavu kwa nje, lakini nyuma yake kimelowa. Hayo ni maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia mawe, yakibeba chumvi. Na lile doa la juu halikuhitaji mfuko, kwa sababu alishaona nje kwamba mlizamu, bomba la kuteremshia maji ya mvua, umeziba kwa majani na kupasuka, na maji yote yanaangukia pembe ile.

Mlizamu ule baba aliuzibua kila mwaka kabla ya masika. Mwaka huu hakuna aliyekumbuka.

"Na hapa chini," Fundi Thoya akaniambia, "mawe haya ni ya matumbawe, nayo hupumua kwa chokaa. Marehemu aliyapiga saruji na rangi ya mafuta. Nilimwambia atumie chokaa. Akasema chokaa hukawia kukauka, na Idd i karibu."

Nilikumbuka. Baba alikuwa akiwaeleza wageni kila siku kwamba kuta za zamani hupumua, kisha akaja nyumbani akaziziba kwa mikono yake mwenyewe, tukampigia makofi. Nilitaka kusema saruji ile iachwe, kwa kuwa ni yake. Shangazi akanishika bega. Nikaenda nikamletea fundi patasi.

Shangazi aliutazama ukuta mweusi, akampigia simu ami Sabir, akamwambia mtoto haendi. Akaufungua ule mkoba mlangoni na kuanza kutoa nguo.

Kazi ilichukua wiki tatu, na muda wote huo Ubaid alikaa Kibokoni. Mlizamu ulizibuliwa, ukawekewa kipande kipya. Saruji ilibanduliwa mpaka juu ya alama ya chumvi, mawe yakaachwa yakauke, kisha yakapigwa chokaa. Mimi na shangazi tulifunga vitambaa puani, tukausugua ukungu kwa sabuni na siki, na kabati tukalitenga na ukuta kwa upana wa shubiri. Nguo zikahamia uani, na jiko likarudi jikoni. Nilirudi pia kwa Daktari Joy, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Nilimwambia nilimdanganya. Alifungua daftari lake, akafuta jibu langu kwa mstari mmoja, akaandika lililo kweli, akanishukuru. Ubaid alianza kulala usiku kucha.

Siku Ubaid aliporudi nyumbani, mama aliniita mkekani. Nilidhani hajui lolote. Kumbe alijua mengi.

"Harufu ile niliisikia," akasema. "Nikadhani huzuni ndivyo inavyonuka, nikanyamaza. Na wewe ukanyamaza. Karibu tumpoteze mtoto kwa kunyamaza kwetu." Akanivuta karibu. "Eda hii ni yangu, Nabiha. Si ya dirisha, wala si ya ulimi wako. Jambo ukiliona bovu, liseme lingali dogo. Na usilolijua katika dini, uliza, usijitungie."

Nikalia. Nililia kwa ajili ya baba, miezi mitatu na zaidi baada ya wenzangu, na mama aliniacha nilie. Nilipomaliza, niliinuka nikatoa kile kitambaa cha upenyoni, nikavuta komeo. Hewa ikaingia, pamoja na redio ya Mzee Sheikhan.

Ubaid alitutazama, akamuuliza mama kama dirisha limetoka eda.

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Machi.

"Limetoka, mwanangu," akasema. "Limenitangulia."