Kilo Kumi na Mbili na Nusu

Harufu ya tope ilianza saa nne asubuhi, katikati ya kiangazi, katika ofisi ya Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambako hata bomba lilikuwa limekauka.

"We Mwavita, unasikia iyi arufu?" Rénovat alimuuliza mwenzake wa meza ya pili.

"Arufu gani? Mi nasikia kahawa yako tu."

Rénovat akarudi kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuonyesha, ndani ya kivinjari, jinsi mafuriko yanavyoingia Gatumba, kando ya ziwa. Nyumba zilikuwa visanduku. Maji yalikuwa matone elfu kumi ya buluu yakikimbilia ziwani. Ila tone moja lilipanda kinyume cha maji, likasimama mlangoni pa nyumba ya tatu. Kosa la hesabu, alijiambia, kwani waandika programu nao wana imani yao: kila jini ni kosa la mtu. Akawasha mishale inayoonyesha nguvu inayosukuma kila tone. Matone yote yalikuwa na mshale. Lile halikuwa nao. Hakuna kilicholisukuma, lilikuwa linatembea.

Akatazama namba zake. Uzito: 12.5.

Ni yeye aliyeandika. Wiki iliyopita alihitaji uzito wowote wa kujaribia tone moja, vidole vikachapa kilo za kadi ya kliniki ya binti yake Chance, aliyechukuliwa na maji ya Gatumba mwaka 2020 akiwa na miaka mitatu, Rénovat mwenyewe akiwa safarini Uvira. Mwili haukuonekana. Tangu hapo alikataa katakata kuganduka, ile sherehe ya kumaliza msiba: hakuzika, amalize nini? Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Tone likagonga kisanduku, likagonga tena, na kutoka kwenye kompyuta ile iliyozimwa sauti tangu asubuhi, huku harufu ya tope ikizidi na maji baridi yakichuruzika chini ya meza hadi kwenye viatu vyake, ikatoka sauti nyembamba ya mtoto aliyechoka kusubiri: "Papa, fungua."

Mwavita aliisikia pia. Akampigia mjomba wake Faruk, msomaji wa dua wa mtaa wa Buyenzi, naye akafika kabla ya adhuhuri.

"Papa Chance," Faruk alinong'ona, kwa jina ambalo watu walikuwa wameacha kumwita, "uyu si mutoto wako. Ni jini wa maji, amevaa kilo zake. Mi nitasoma, lakini mukono ni wako. Rudisha uzito wa tone."

"Nikirudisha?"

"Maji yatamubeba."

"Apana, mjomba. Apana."

"Papa?" sauti iliita.

Faruk akaanza kusoma, polepole. Rénovat, akilia waziwazi mbele ya watu, akafuta namba, akaandika uzito wa tone la kawaida.

Mshale ukaota juu ya lile tone, maji yakalibeba. Mwaka ule Rénovat hakuwepo, hakuona chochote. Sasa aliona yote: mlangoni, barabarani, mtaroni, hadi ziwani, ambako hakuweza tena kulitofautisha na mengine.

Sakafu ilikuwa kavu. Akampigia mke wake.

"Mama Chance, alika watu, tuganduke," alisema. "Nimemuona akienda."