Maneno ya Msibani

Msikizi hakuwa na masikio, lakini hakuna aliyewahi kusikia kama yeye. Kila alfajiri nzi-chuma wake, wadogo kama punje za mtama, waliruka hadi nchi jirani ya Lwembe, wakatua visimani, sokoni, vibarazani, hata kwenye kola za mashati ya watu, wakanyonya kila neno lililosemwa. Maneno hayo yalisafiri angani hadi Dodoma, kwenye ukumbi uliochimbwa chini ya mlima, yakageuka kuwa rangi juu ya ramani iliyotandazwa sakafuni. Penye chuki palikuwa pekundu. Penye utulivu palikuwa pa buluu.

Asubuhi hiyo bonde lote la Kitoro lilikuwa la buluu. Ilishangaza, maana Lwembe ilikuwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu masika. Jeshi lao lilikuwa limepasuka vipande viwili, Wasomba huku, Waliro kule, nao walikuwa wakichapana kaskazini. Lakini Kitoro makabila hayo mawili yalikuwa yamechanganyika, nyumba kwa nyumba, yameoana na kuzaliana. Swali lililowakosesha viongozi usingizi lilikuwa moja tu: je, vita vikishuka bondeni, majirani watachinjana? Kama ndiyo, Baraza la Amani lingetuma jeshi livuke mto kuwakinga raia. Kama sivyo, ya Lwembe wangeachiwa Walwembe wenyewe. Kura ilikuwa ipigwe saa sita mchana.

Dakta Nyamizi Kasubi, mama wa makamo aliyemuunda Msikizi, aliitazama buluu ile akashusha pumzi. Mwanawe wa pekee, Luteni Luhende, alikuwa ukingoni mwa mto na kikosi ambacho kingevuka kwanza. Buluu maana yake Luhende anarudi nyumbani. Alifurahi, na wala hakuona haya kufurahi.

"Leo Mnyamwezi anacheka," alisema mhandisi mwenzake, Chedego, Mgogo wa hapo hapo Dodoma. "Mmesahau babu zenu walivyopita hapa na mizigo kichwani, ndimi nje, wakinunua maji kwetu."

"Maji gani? Mlituuzia matope, wezi nyie," Nyamizi alijibu. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na wawili hawa walikuwa wametukanana miaka mingi bila kukosa hata siku moja.

Wasomba na Waliro nao walikuwa watani, tena wa kupindukia. Mtu akifa, watani wake walifika matangani kuvuruga. Walimkejeli marehemu, walificha sufuria za wapishi, walijilaza kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe kuku. Msikizi alipokuwa mpya alisikia mambo hayo akapagawa. Mtani akisema "leo tunawazika nyote," yeye alipaka kijiji kizima rangi nyekundu. Wahandisi walicheka hadi mbavu zikauma, kisha Nyamizi akamwekea sheria: maneno ya msibani yasihesabiwe.

Basi kwa furaha ya asubuhi hiyo akataka kucheka tena. "Msikizi, tupe msiba wowote wa Kitoro. Tuwasikie wale wendawazimu."

Sauti ikajaa ukumbini. Kilio cha wanawake. Sala. Sepetu zikikwangua udongo. Halafu basi.

"Mwingine," Nyamizi alisema.

Wa pili ulikuwa hivyo hivyo. Wa tatu pia. Walirudi nyuma wiki nzima, kisha nyingine, na kote huko walisikia watu wakizika ndugu zao peke yao, haraka haraka, bila mzaha hata mmoja.

"Labda barabara zimefungwa," Chedego alisema, na safari hii hakutania.

"Barabara gani, Chedego? Wametenganishwa na ua wa minyaa."

Mtani hasusii msiba. Hata waliogombania mipaka ya mashamba huzikana kwanza, ndipo wakarudi kugombana. Na buluu ile ya sokoni na visimani sasa ilianza kuonekana ilivyo: watu walikuwa wameacha kusemezana.

Nyamizi angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemuuliza habari za misiba. Alikaa pale, mkono umeziba mdomo, akimwona akilini Luhende akiingia mlangoni kwao na begi lake begani. Kisha akainuka, akaenda mbele ya Baraza, akawaeleza wajumbe yote.

Jenerali Mkwaya alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyewahi kupigana nje na kurudi na majeneza. "Daktari, nakuheshimu," alisema. "Lakini unataka nivushe vijana kwa sababu watu hawakutaniana?"

"Wameacha kuzikana, Jenerali. Ama kila mmoja ameshamtoa mwenzake moyoni, ama wamekatazwa. Na anayewakataza anajua kinachokuja."

"Ama wanaogopa tu. Woga si mauaji. Tukivuka, sisi ndio tutakuwa upande wa tatu wa vita. Nitaua watu ambao leo hawajamgusa mtu. Nani ametupa kazi hiyo?"

Nyamizi alijua kwamba jenerali hasemi upuuzi, na hilo lilimuumiza zaidi kuliko kama angebishiwa na mjinga.

Mwenyekiti, Bi Zawena, aliamuru misiba ihesabiwe. Nyamizi akaiondoa sheria yake. Wote wakainamia ramani wakingoja wekundu, lakini bonde likawa la kijivu, na sauti tulivu ya Msikizi ikasema, "Ukimya huu sijawahi kufunzwa. Siwezi kusema unaelekea wapi."

"Kwa hiyo mashine imenawa mikono," Bi Zawena alisema. Akamgeukia Nyamizi. "Umebaki wewe, mwanangu. Wewe ndiye unayewajua watu hawa kwa sauti zao. Tuvuke, tusivuke?"

"Sina uhakika, Bibi."

"Sikukuuliza uhakika."

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. "Tuvuke," alisema.

Kura zilipigwa kwa mikono, na mikono ya kuvuka ikazidi. Wajumbe walipokuwa wakitoka, jenerali alisimama kando yake akiivaa kofia.

"Kikosi cha kwanza ni cha Luhende. Unajua?"

"Najua, Jenerali."

"Nilidhani hujui," alisema, akaenda zake kutoa amri.

Alasiri kioo cha mkono cha Nyamizi, alichopokelea simu za picha, kiliwaka. Luhende alikuwa amepakwa matope usoni, na nyuma yake injini za vivuko zilikuwa zikinguruma.

"Shikamoo, mama. Nina dakika moja tu."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, vijana wananiuliza hapa. Asubuhi tuliambiwa ni buluu, tukaanza kufunga mizigo turudi. Sasa tunavuka. Mashine yenu imebadili neno?"

Jibu jepesi lilikuwa tayari mdomoni mwake. Angesema ndiyo, na mwanawe angekwenda akiilaumu mashine, au asimlaumu yeyote.

"Hapana," alisema. "Mashine haijasema mvuke. Nimesema mimi."

Nyuma ya Luhende mtu alianza kuita majina ya askari.

"Wewe, mama?"

"Mimi, mwanangu."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejaribu kulielewa jambo huku ameshaitwa. "Haya," alisema. "Nikirudi utanieleza."

"Nitakueleza."

Kioo kikazimika. Nyamizi alilisema neno hilo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na hakuwa nao hata chembe.