Ndege ni Saa Tisa

Walijuana kwa kukanyagana. Ilikuwa mlangoni mwa soko la nguo, watu wamefurika, na muuguzi mmoja mwenye gauni la bluu akamkanyaga fundi cherehani. Alipoomba radhi, fundi akamwambia amemsamehe yeye, ila aliyemshonea gauni lile hatamsamehe kamwe. Wakacheka, na majina yakabaki: huyu Fundi, yule Dokta.

Kisha hospitali ya nchi ya mbali ikamwajiri Dokta, mapenzi yakahamia kwenye simu. Fundi alichoka. Sauti inakwama, picha inaganda, huyu akitoka kazini mwenzake anaingia zamu. Likizo hii ya Dokta aliapa kumwambia moja: waoane au waachane.

"Ndege ni saa tisa, mpenzi," Dokta alimwambia asubuhi ya safari. "Usichelewe kunipokea."

Saa tisa alasiri Fundi alikuwa uwanjani, shati jeupe, suruali imenyooka kwa pasi. Abiria wakatoka, wakaisha. Simu ya Dokta imezimwa. Mama yake Fundi akapiga kuuliza kama mkwe amefika, Fundi akamdanganya kwamba mizigo inachelewa. Jua lilipozama akaondoka, akafungua duka na kushona kwa fujo mpaka sindano ikavunjika.

Hapo Dokta akaingia, anaburuta sanduku.

"Umeniacha pale uwanjani kama mzigo usio na mwenyewe, na simu yangu imeisha chaji."

"Nimekusubiri tangu saa tisa. Uliitaja kwa mdomo wako."

"Nilisema ndege ni saa tisa. Saa tisa angani, Fundi. Tazama miguu ilivyovimba."

"Si ungesema masaa?"

"Hakuna masaa kwenye Kiswahili. Ni saa."

"Basi endelea kunisahihisha, mwalimu."

Wakarushiana maneno. Dokta akalalamika kwamba ana siku nne tu, na kila wakionana nusu ya muda wananuniana. Fundi naye, kwa hasira, akaropoka kwamba alidhani kuna mwingine huko. Dokta akashika mpini wa sanduku, akageukia mlango.

"Nilitaka nikwambie tuoane au tuachane," Fundi akasema taratibu. "La kuachana silisemi tena."

"Sema hilo jingine."

"Tuoane."

"Halafu? Nani anahama?"

Hilo ndilo walilokuwa wakigombania mwaka mzima. Fundi akatazama mashine aliyoachiwa na baba yake, na nguo za wateja zilizoning'inia ukutani. Mara ngapi ameapa kwamba duka hili halifungwi ng'o.

"Mimi," akasema. "Nitahama mimi."

Dokta hakurukaruka kwa furaha. Aliketi juu ya sanduku, akalia kwa uchovu, akamuuliza kwa nini hakusema hivyo mwaka jana, kabla hawajachoshana kiasi hiki.

"Nimechelewa?" Fundi akauliza.

"Umechelewa." Akajifuta machozi kwa kiganja. "Funga duka twende, nina njaa."

Fundi akazima taa, akafunga.